Nakala Zisizo na Asili: Juu ya Ukusanyaji wa Majarida ya Panki

Falsafa ya sanaa imejiuliza kwa muda mrefu iwapo kitu kilichotengenezwa kwa nia ya kupita kinatendewa haki kinapohifadhiwa, na swali hilo huwa zito zaidi linapowahusu wakusanyaji wa majarida ya panki, yaani vijarida ambavyo mashabiki wa muziki huo wa magitaa, wa kasi na wa hasira, uliochipuka New York na London katikati ya miaka ya 1970, walivitengeneza na kuviuza wenyewe, bila kampuni ya uchapishaji na bila kumwomba mtu ruhusa.

Mfano ulio wazi ni Sniffin' Glue, jarida lililoanzishwa London mwezi Julai 1976 na Mark Perry, karani wa benki mwenye umri wa miaka 19 aliyekuwa amevutiwa na bendi ya Ramones ya New York. Perry alipiga maandishi yake kwa taipureta, akaandika vichwa vya habari kwa mkono kwa kalamu ya wino mzito, akayaacha makosa yake yalivyo, kisha kurasa zikatolewa fotokopi na kubanwa kwa pini za stepla. Toleo la kwanza lilikuwa na nakala chache mno. Mwaka uliofuata jarida lilikuwa likichapwa kwa maelfu, na mwaka huohuo wa 1977 Perry akalifunga, akiwa amekwisha kuwahimiza wasomaji wasiridhike na aliyoyaandika yeye bali waanzishe majarida yao. Wito huo ndio uliokuwa roho ya jarida. Kwa hiyo, nakala yake inapofungiwa ndani ya mfuko wa plastiki na kupigwa mnada kwa bei ambayo kijana wa kipato cha karani haimudu, karatasi husalimika lakini wito wenyewe haumfikii tena yule aliyekusudiwa.

Ni kitu gani hasa, basi, kinachotafutwa na mkusanyaji? Walter Benjamin, mwanafalsafa wa Ujerumani, alieleza katika miaka ya 1930 kwamba kazi ya sanaa ina haiba, kwa maana ya ule uzito unaotokana na kuwapo kwake mahali pamoja na wakati mmoja tu, na kwamba haiba hiyo hufifia kazi inaponakiliwa kwa mashine. Nelson Goodman wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1968 kuhusu lugha za sanaa, alitenga sanaa zinazoweza kughushiwa, kama vile mchoro, ambao thamani yake imefungamana na mkono uliouchora, na sanaa zisizoghushika, kama vile shairi, ambalo kila nakala yenye maneno yaleyale ni shairi lenyewe. Jarida la panki halikai vizuri upande wowote kati ya hizo mbili. Haliwezi kupigwa chapa upya kama shairi, kwa sababu katika Punk, jarida la New York ambalo John Holmstrom na wenzake walilitoa kuanzia Januari 1976, hata mahojiano yaliandikwa kwa mkono mithili ya katuni, na ukiyatenganisha maneno na michoro umekwisha kuliharibu. Wala si mchoro, maana lilizaliwa likiwa nakala, na mtengenezaji alipoishiwa aliweza kurudi kwenye mashine akatoa nyingine, zikawa halali sawa na zile za mwanzo. Anayedai kwamba fotokopi ya leo ni bandia hana budi kueleza ni kwa nini ya mwaka 1976 haikuwa bandia, na jibu pekee lenye nguvu ni kwamba ile ya zamani ilipita mikononi mwa watu waliohusika: iliuzwa dukani kando ya santuri, ikakunjwa mfukoni, ikaazimwa. Kinachothaminiwa ni ushahidi wa uhusiano huo baina ya watu, na ushahidi una maana pale tu unapoweza kusomwa na wengine.

Hapo ndipo mkusanyaji anapostahili kutetewa kwa dhati. Karatasi ya bei rahisi hubeba asidi, hugeuka manjano na kukatikakatika, na pini hushika kutu. Kama watu binafsi wasingeyaweka majarida haya uvunguni na darini wakati maktaba nyingi zilipoyaona kuwa takataka, maktaba ya Fales ya Chuo Kikuu cha New York, iliyoanza katika miaka ya 1990 kukusanya kumbukumbu za wasanii wa mitaa ya kusini ya Manhattan, ingepata kidogo sana cha kuhifadhi. Lakini mwenye kuhifadhi hivyo ameshika amana, na amana ina masharti: aioneshe, aruhusu inakiliwe, asiifanye hazina ya kungojea bei ipande.

Sharti la kunakili nalo lina mpaka, na mpaka huo unaonekana katika vijarida vya Riot Grrrl, harakati ya wasichana wa panki iliyoanza Marekani mwaka 1991, ambamo wengi waliandika habari za kubakwa, za miili yao na za familia zao, wakiwa wangali vijana na wakijua kwamba watasomwa na wenzao wachache. Kuvisambaza kwenye intaneti, ambako jina hutafutwa kwa sekunde, ni kuwapa waandishi wasomaji ambao hawakuwachagua. Kwa kuwa wengi wa waandishi hao wako hai, mkusanyaji anapaswa kuwatafuta na kuwauliza kabla ya kusambaza, na akikataliwa akubali, hata kama nakala aliyo nayo ndiyo ya pekee iliyosalia.