Kuijua akili, kuuzuia mkono

Wanafunzi wangu huniuliza: je, mtu akiijua akili yake, ndiyo amekuwa mwema? Swali hili Wabudha wamelijibu kwa vitendo.

Mwaka 1994, katika jela ya Tihar mjini Delhi, India, wafungwa zaidi ya 1,000 walikaa kimya siku 10 wakifunzwa vipassana: kuitazama hasira inavyozuka na kutoweka, bila kuifuata. Lakini katika mafunzo hayo, kabla ya yote, mwanafunzi huahidi kutoua, kutoiba, kutozini, kutosema uongo na kutotumia vileo.

Leo makampuni mengi ya Magharibi hufundisha utulivu huo na kuziacha ahadi zake. Hapo ndipo penye hatari. Mwizi aliyetulia haachi wizi. Ila mkono wake hautetemeki tena.