Nyumba, Mnada na Ukweli

Biashara ni mapatano, na mapatano hayasimami ila juu ya ujuzi. Mtu aliyekubali jambo asilolijua amekubali sura yake tu. Ndiyo sababu watu huonywa wasinunue mbuzi ndani ya gunia. Nyumba inayouzwa mnadani yafanana sana na mbuzi huyo: mlango wake huenda umefungwa, msingi wake umefukiwa, na mchwa wake wamo ndani ya boriti. Je, ni wajibu ikaguliwe, na aibu zake zitangazwe, kabla nyundo ya dalali haijagonga?

Swali hili ni la kale. Cicero, mnenaji wa Roma, alilichungua mwaka 44 kabla ya Kristo katika kitabu chake juu ya wajibu. Alimfikiria mtu mwema auzaye nyumba yenye kuleta maradhi, iliyojengwa kwa miti mibovu, na yenye nyoka katika vyumba vya kulala. Mwenyewe ajua, wengine hawajui. Diogenes wa Babeli alitetea kimya chake: muuzaji hakumlazimisha mtu kununua, na ni upuuzi dalali kunadi kwa sauti kuu kwamba nyumba ina maradhi. Antipater, mwanafunzi wake, alikataa: kumwacha mnunuzi akimbilie hasara kwa kutojua ni sawa na kukataa kumwonyesha njia aliyepotea. Cicero aliafikiana na Antipater.

Hoja ya Diogenes ina ndugu yake katika Kiswahili: mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo ni kweli pale macho yanapopewa nafasi. Katika mauzo ya faragha mnunuzi huja leo, hurudi kesho, huleta fundi, kisha hupatana bei. Mnadani, wanunuzi ishirini wangelipa mafundi ishirini kukagua boriti zile zile, na kumi na tisa wangetoka mikono mitupu. Basi wengi hawakagui. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Asiyepata kuteka humo ataijuaje? Aliyemnyima mwenzake nafasi ya kutazama hana haki ya kumlaumu kwa kutoona.

Lakini iko hoja nzito zaidi. Nyumba nyingi hufika mnadani kwa ajili ya deni. Benki haikuishi ndani yake, na mdaiwa aliyeishi humo yu karibu kufukuzwa. Kumtwika gharama ya ukaguzi ni kumpiga aliyekwisha kuanguka. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 humtaka mwenye rehani amtumie mthamini kabla ya kuuza, lakini shabaha yake ni bei, wala bei haisemi habari za mchwa.

Huruma hiyo kwa mdaiwa ni njema, ila imekosa njia. Mnunuzi asiyejua hudhani mabaya, kisha hutoa bei ya woga. Hivyo nyumba nzima hulipishwa aibu za nyumba mbovu. Mdaiwa aliyeitunza nyumba yake hupoteza baki ambayo ingerudi mkononi mwake baada ya deni kulipwa, au hubaki na deni ambalo nyumba ingelimaliza. Kimya kilichodaiwa kumlinda humnyang'anya mara ya pili.

Gharama nayo ina dawa. Katika jimbo la Canberra, nchini Australia, sheria ya mwaka 2003 humtaka muuzaji wa nyumba ya kuishi, kwa kawaida, atoe taarifa za ukaguzi wa jengo na wa wadudu waharibifu. Anayenunua ndiye amrudishiaye gharama. Mkaguzi mmoja huwatosha wote, na mzigo humwangukia aliyepata nyumba. Benki nayo haitakiwi kutangaza isiyoyajua. Yatosha ifungue mlango, imwingize mkaguzi, na iseme aliyoyaona.

Mnada umewekwa ili kupima thamani ya kitu mbele ya watu wengi. Gizani thamani haipimiki. Kinachopimwa humo ni ujasiri wa mnunuzi na shida ya mwenye nyumba.