Nani Mwenye Haki ya Kusema "Yamepita"?

Naanza na viti. Kwetu Rungwe, msiba ukitokea, vijana ndio tunaotumwa kuazima viti. Siku moja tulitumwa kwenye ofisi ya umma, nje kidogo ya mji wa Tukuyu, sitaitaja. Mvua ilikuwa inanyesha, ile mvua yetu isiyojua kukata. Baba mkubwa tulikuwa naye kwa kuwa yeye ndiye aliyeshika barua ya mwenyekiti. Tulipofika getini akanikabidhi barua. "Ingieni nyie. Mimi nawasubiri hapa." Akasimama mvuani, bila mwavuli, mpaka tukamaliza.

Wakati wa kurudi mzee mmoja akaninong'oneza. Mwaka 1983, enzi za vita dhidi ya wahujumu uchumi, baba mkubwa alikamatwa na sabuni na sukari alizovusha kutoka Malawi. Mahakamani hakufikishwa. Alifungiwa siku tisa katika chumba kile kile cha viti, akipigwa ili awataje wenzake. Nyumbani hawakuambiwa yuko wapi. Mama yake alikwishaanza kulia kilio cha maiti. Mzee alipomaliza akafunga mazungumzo kwa methali: "Lakini mwanangu, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Nikabeba viti vyangu kichwani huku nikijiuliza: si ndwele kwa nani? Kwa mzee yule, sawa. Kwangu mimi niliyezaliwa baadaye, sawa. Lakini kwa mtu anayeona afadhali alowe kuliko kuvuka geti, ile ni ndwele, tena haijapata hata mganga.

Hapo ndipo nikaikumbuka Nairobi. Pale Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue kuna jumba refu liitwalo Nyayo House. Juu yake ni ofisi za serikali. Watu hupanga foleni humo kutafuta pasipoti. Chini, kwenye ghorofa iliyozama ardhini, vilikuwapo vyumba vidogo vya giza. Katika miaka ya 1980, hasa kuanzia 1986 serikali ya Rais Moi ilipokuwa inawasaka watu wa Mwakenya, walimu, wanafunzi, waandishi na wakulima waliletwa humo wakiwa wamefungwa vitambaa machoni. Walivuliwa nguo, wakanyimwa chakula, wakamwagiwa maji chumbani wakasimama ndani yake siku nzima. Kisha walipandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa na kupigwa. Wahome Mutahi, aliyewachekesha Wakenya kwa maandishi yake gazetini, naye alipitia humo mwaka 1986.

Moi alipoondoka na Kibaki kuingia, vyumba vile vilifunguliwa mwaka 2003, wananchi wakaingia na kushangaa. Serikali ikaahidi kwamba pangekuwa mahali pa kumbukumbu. Mwaka 2010 Mahakama Kuu iliamuru watu 21 walioteswa walipwe fidia. Lakini kuhusu jengo, zaidi ya miaka kumi baada ya ahadi ile manusura walikuwa bado wanadai.

Sasa tujiulize bila jazba: kuna haja gani? Wapo wasemao kwamba makumbusho ya mateso ni kutonesha kidonda. Wengine wanasema yatazaa visasi. Na wapo wasemao, eti chumba ni chumba tu, kipakwe rangi kiwekwe mafaili. Hoja hizi si za kipuuzi. Mimi mwenyewe nisingependa watoto wa shule waletwe kwa basi kumchungulia baba mkubwa kama mnyama wa Mikumi.

Lakini hebu tutazame Argentina. Mjini Buenos Aires kulikuwa na chuo cha jeshi la majini, ESMA, ambako maelfu ya watu walifichwa na kuteswa kati ya 1976 na 1983, ndani ya jengo lile lile walimolala maofisa. Mwaka 1998 Rais Menem aliamua libomolewe ili pawe na bustani ya maridhiano. Neno zuri kweli, maridhiano! Lakini ndugu wa waliopotea walikwenda mahakamani, ubomoaji ukazuiwa. Mwaka 2004 ikaamuliwa pawe mahali pa kumbukumbu, na mwaka 2023 UNESCO ikapaingiza katika urithi wa dunia. Wale wazazi hawakuyachukia maua. Walichokataa ni serikali kusamehe kwa niaba yao.

Hilo ndilo ninalolishika mimi. Kusamehe ni mali ya aliyeumizwa. Anaweza kuitoa, anaweza kuizuia, anaweza kufa nayo. Serikali ikikipaka rangi chumba cha mateso imesema "yamepita" kwa mdomo usio wake. Jirani akitamka methali mapema mno, naye ni vivyo hivyo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kumbukumbu si kuwafundisha wageni, ni kumrudishia aliyeumizwa neno lake. Aulizwe kwanza. Akisema pafungwe, tumsikilize. Akisema pafunguliwe, basi ufunguo usipotee katika droo ya ofisa.

Na pakifunguliwa, tusidhani mkosaji ni mmoja tu, yule mkubwa aliyekwisha ondoka madarakani. Nyayo House ilikuwa na mwendesha lifti. Ilikuwa na karani aliyechapa majina, na mfagiaji aliyekausha maji. Hao ni watu kama sisi, wana watoto, wanakwenda ibadani. Ndiyo maana nasema ukumbusho ukae pale pale chini ya foleni ya pasipoti, usihamishiwe makumbusho ya mbali. Anayengoja muhuri ajue kwamba mwingine alingoja hapo na hakuna aliyemsikia.

Nasi tunaojifunza kuandika tusingoje serikali. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya karatasi yake "Kenya: Twendapi?", na gerezani akatunga kwa siri juu ya karatasi za chooni. Mwaka 1973 tungo zile zikatoka katika kitabu, *Sauti ya Dhiki*. Karatasi za chooni, jamani! Sisi tuna kalamu na madaftari, tunalia hatuna cha kuandika.

Baada ya matanga nilimfuata baba mkubwa chini ya migomba. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nikamwuliza kama angependa chumba kile kiwekewe alama yoyote. Alikaa kimya muda mrefu, akimenya ndizi. Kisha akasema, "Miaka yote hii, wewe ndiye wa kwanza kuniuliza." Hakujibu zaidi, nami sikumsukuma.

Viti tulivirudisha Jumatatu. Safari hii mimi nilibaki naye getini.