Gari Libaki Langoni

Kilomita 20 na ushei kutoka Kitale, ukishika barabara ya Kapenguria kisha ukate kulia kuelekea Kipsaina, ipo mbuga ambayo hata waziri akifika na msafara wake hana budi kushuka atembee. Ni Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa. Ilitengwa mwaka wa 1974, nayo ndiyo ndogo kuliko mbuga zote za kitaifa nchini Kenya: kilomita mraba 3 hivi, yaani ekari 700 na ushei. Walowezi kadhaa wa Trans Nzoia walikuwa na mashamba makubwa kuliko hiyo. Ndani hamna barabara ya magari. Mgeni huegesha langoni, akafuata vijia na vidaraja vya mbao juu ya kinamasi, akapanda mnara wa mbao na kungoja.

Anachongojea ni nzohe, paa wa majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka anapokanyaga, kwa hiyo uzito wake hutawanyika na anapita juu ya matete na mafunjo bila kuzama. Akishtuka hujitosa majini, akabakiza pua tu nje. Mnyama wa aina hiyo hawezi kuishi penye ardhi iliyokauka, wala hapendi kelele. Waliopima mpaka wa Saiwa walielewa kwamba huwezi kumlinda nzohe huku ukiruhusu magurudumu yachimbue malazi yake.

Kila nikitoka huko kurudi nyumbani Ndalu, najiuliza kwa nini hekima ile iliishia langoni pa Saiwa. Misitu ya umma ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani ina vinamasi vyake, vingine vidogo kiasi cha kutoonekana kwenye ramani. Havina nzohe wa kuvitetea. Huko lori la magogo hupita panapopitika, trekta likikwama hutafuta pembeni, na pikipiki yenye magunia ya makaa hufuata popote palipo wazi.

Kinamasi hakifi kwa siku moja. Tairi linapopita kwenye udongo uliolowa huushindilia, vile vitundu vilivyokuwa vikifyonza maji vikazibana, na maji ya mvua yakaanza kutiririka juu badala ya kuzama. Alama ya tairi inakuwa mfereji. Dereva wa pili huukwepa, akakanyaga kando, na mfereji wa pili unazaliwa. Baada ya misimu michache, maji yaliyokuwa yakikaa pale hadi kiangazi yameshashuka bondeni, majani mengine yameota, na mtu mmoja mwenye macho makali ameshaona shamba la kabichi. Gari hutangulia, jembe hufuata. Anayelima ndiye tunayemlaumu, kwa sababu tunamkuta pale. Aliyefungua njia alishaondoka zamani.

Sisi wa Ndalu hatuko mbali na habari hii hata kama msitu tunautazama kutoka mbali. Mto Nzoia unakusanya maji ya Elgon na ya Cherangani, ukapita Webuye na Mumias hadi Budalangi, ambako watu wamezoea kuhama nyumba zao mafuriko yanapokuja. Maji ambayo kinamasi kingeyashika huko juu yanafika huko chini yote kwa pamoja. Halafu Januari na Februari, kabla ya kupanda mahindi, tunalalamika kwamba vijito vimekonda.

Sasa, wako watakaosema kwamba nachukia bodaboda. Siwezi. Tangu serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo kuelekea mwisho wa miaka ya 2000, pikipiki ndiyo inayompeleka mama mjamzito hospitali usiku, ndiyo inayobeba mbolea, na ndiyo ajira ya vijana wetu wengi. Kijana mmoja aliyenibeba alikata kona kupitia njia ya panya kwenye majimaji. Nilipomgusa bega aliniambia, “Mzee, nikizunguka kwa barabara kubwa mafuta yanaisha, na wewe hutaniongeza.” Alisema kweli. Kanuni yoyote isiyojibu neno la kijana huyo itavunjwa siku ya kwanza.

Sheria yenyewe haijalala. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka wa 2016 inakataza mtu kuwa msituni kati ya saa moja jioni na saa kumi na mbili asubuhi bila kibali, isipokuwa awe anatumia barabara au kijia kinachotambulika, au ana sababu nyingine iliyotajwa humo. Hapo pa kutambulika ndipo penye kazi. Kinatambuliwa na nani? Ingia msituni umwulize mchungaji, dereva na askari wa misitu, utaonyeshwa njia tatu tofauti. Marekani walikutana na swali hili mapema: mwaka wa 1972 Rais Nixon alitoa amri kwamba idara zinazosimamia ardhi ya umma zionyeshe wazi ni wapi magari ya nje ya barabara yaruhusiwe na ni wapi yasiruhusiwe. Lakini huko vita vingi ni vya watu wanaoendesha kwa starehe. Hata sisi tunao hao. Mashindano ya Rhino Charge yamekuwapo tangu 1989, na ajabu ni kwamba fedha zake zimesaidia kujenga ua wa kuzunguka msitu wa Aberdare. Huku kwetu wengi wanaendesha kwa ajili ya unga. Kuiga kanuni za Marekani neno kwa neno kungekuwa kumwadhibu maskini na kumwachia mwenye Prado.

Na kutembea si aibu, ingawa siku hizi tunalelewa kuamini hivyo. Kila Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, mvulana wa Kibukusu anayetahiriwa hupelekwa alfajiri sitosi, yaani penye matope mtoni, akapakwa matope hayo, kisha akarudi uwanjani kukabili kisu. Sijawahi kuona mtahiriwa akipelekwa sitosi kwa pikipiki. Matope hayo yanatoka kwenye ardhi chepechepe ile ile tunayoikanyaga kwa matrekta, na hakuna mzee wa Kibukusu ninayemfahamu ambaye angekubali yaletwe kwa ndoo kutoka kaunti jirani.

Pale Kipsaina, wakazi wanaopakana na Saiwa wamejipanga kwa miaka mingi kulinda vinamasi vilivyo nje ya mbuga, ambako hutaga korongo taji, ndege ambaye tangu 2012 ameorodheshwa duniani kuwa hatarini kutoweka. Hawakujenga ukuta. Walizungumza na majirani, shamba kwa shamba. Nawaamini hao kuliko kibao chochote cha bati.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Shirika la Huduma za Misitu likae na vyama vya jamii za misitu na waendesha bodaboda kabla ya mvua za Machi, wachore njia zinazopitisha magari, wazitengeneze vizuri ili kuzunguka kusimtie kijana hasara, kisha zile za kupita kwenye majimaji wazizibe kwa magogo. Malori yasimame mvua inapokolea. Anayekimbiza mgonjwa aachwe apite, bila maswali. Na magari ya serikali, pamoja na yale ya wanasiasa wanaokuja kupanda miti mbele ya kamera, yawe ya kwanza kuegeshwa.