Je, Yafaa Kuahidi Siri Kabla ya Kusikia?

Siku hizi wako watu ambao, moyo ukiwalemea, hawaendi nyumbani kwa mshauri, bali huzungumza naye kwa simu au kwa njia ya intaneti. Tuseme mshauri yuko Shinyanga mjini, naye aliyemwita yuko kwenye maduara ya dhahabu huko Geita, mbali na wazee wake. Hawajapata kuonana. Neno la kwanza la mgeni huyo ni hili: "Baba, niahidi kwanza kwamba hutamwambia mtu, ndipo nikueleze." Ajibiwe nini?

Wengine husema, "Aahidi upesi, maana pasipo siri hapana mashauri." Neno hili si bure. Siri ya mtu ni mali yake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 yadai ilindwe. Lakini katika nchi hii ya Usukuma twajua habari za vikongwe waliokatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, eti kwa kuwa macho yao ni mekundu. Kumbe ni moshi wa meko ya miaka mingi. Basi tuseme mgeni yule, akiisha kuahidiwa, aeleza kwamba mtoto wake amekufa, na mganga amemtajia shangazi yake, naye Jumamosi atakwenda kulimaliza jambo hilo. Mshauri akinyamaza, kikongwe atakufa. Akisema, amekuwa mwongo.

Jambo la namna hii lilitokea Marekani. Mwaka 1969, huko Berkeley, Prosenjit Poddar alimwambia mshauri wake kwamba anakusudia kumwua msichana. Mshauri aliwaarifu askari wa chuo kikuu. Wakamshika, kisha wakamwachilia. Msichana hakuonywa, wala wazazi wake. Tarehe 27 Oktoba Tatiana Tarasoff aliuawa. Mwaka 1976 Mahakama Kuu ya California iliamua kwamba mshauri anayejua hatari ya namna hiyo yampasa kumlinda yule anayetishwa.

Kwa hiyo twasema: siri iahidiwe, lakini mpaka wake utajwe kwanza, kabla habari haijaanza. Mshauri aseme, "Utakayoniambia nitayatunza. Lakini nikiona uhai wako au wa mtu mwingine u hatarini, nitatafuta msaada, na ikiwezekana wewe utajua kwanza." Tena amwulize: Uko kijiji gani? Ni nani aliye karibu anayesikia? Mtandao ukikatika, ni nani kati yetu atakayepiga tena? Ukizidiwa, nimwite nani aliye jirani nawe? Nyumbani kwetu macho hutuonyesha aliyesimama mlangoni. Kwa simu hatuna budi kuuliza. Na huko machimboni, ambako watu wengi hulala chini ya turubai moja, maswali haya si ya bure.

Labda mtu atasema, "Akisikia hayo, atakata simu." Huenda. Lakini atakayebaki atajua ni mtu wa namna gani anayemtumaini. Tena anayemweleza mwenzake kusudi baya kabla ya kulitenda, huenda sehemu moja ya moyo wake yatafuta wa kumzuia. Tukimfunga mtu huyo pamoja nasi kwa ahadi ya kunyamaza, tumemnyima kile alichokuja kukitafuta.

Nasi twakiri kwamba tulipokuwa wageni katika kazi hii ya kusikiliza watu, tuliahidi upesi. Tulidhani ni upendo. Kumbe tuliogopa kukataliwa, tukatamani kuaminiwa kabla ya kustahili. Ahadi iliyotolewa kwa kuogopa kukataliwa haimlindi mgeni; yamlinda mwenye kuahidi tu. Basi, ndugu, yeyote kwetu atakayeombwa siri mwezi huu, awe mshauri, mzee wa kanisa au jirani tu, asiharakishe. Aseme kweli kwanza, kisha asikilize kwa moyo wote.