Meza Moja

Je, ni haki mtu kula chakula cha thamani karibu na mwenzake anayeshinda na njaa? Swali hili nililiuliza darasani miaka mingi, na kila mara nililijibu upesi upesi. Siku moja mjini Mbeya lilinirudia, nikakosa jibu.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mfanyabiashara wa viazi mwenye uwezo, alinialika chakula cha mchana katika hoteli moja karibu na Soko la Mwanjelwa. Nilitoka Iringa kwa basi la alfajiri. Mlangoni tulipishana na mchukuzi aliyeinama chini ya gunia la lumbesa, lililojazwa kupita mdomo na kushonewa kilemba, ingawa sheria ya vipimo inakataza gunia kuzidi kilo 100. Chini ya mzigo ule nikasikia sauti: "Shikamoo, mwalimu." Nikaitika marahaba, nikapita. Nilikwisha kukaa ndipo nikamtambua. Naye nilimfundisha. Mwenyeji wangu alimtambua kabla yangu, maana walikaa dawati moja, lakini hakusema neno. Tukaletewa kuku na viazi vya kukaanga. Havikunipita kooni.

Nilikumbuka habari za Les Halles, soko kuu la Paris, ambalo Émile Zola aliliita tumbo la mji huo katika riwaya yake ya mwaka 1873. Kandokando yake palikuwa na migahawa midogo ambayo Wafaransa huiita bistro. Usiku wa manane wachukuzi wa soko na matajiri waliotoka kwenye starehe walikunywa humo supu ile ile ya vitunguu, hata soko lilipohamishiwa Rungis mwaka 1969. Zamani niliwasifu sana watu wale. Lakini tufikiri vema, ndugu msomaji: kulipopambazuka mmoja alikwenda kulala, mwingine akarudi kwenye magunia. Supu haikuwasawazisha.

Basi, kula pamoja kuna faida gani?

Kesho yake nilimtafuta yule mchukuzi. Tulikula ugali na maharage kwa mama lishe, juu ya benchi moja. Nilipotia mkono mfukoni, alinizuia: "Mgeni halipi, mwalimu." Nikaona haya. Katika mazungumzo akanieleza kwamba wao hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Miaka yote nilidhani lumbesa humwibia mkulima peke yake. Kumbe humwibia na mbebaji, kilo kwa kilo, mgongoni.

Wahenga walisema aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Naongeza kwamba hawezi kumjua akiwa meza nyingine. Kukaa meza moja hakupunguzi mzigo wa mtu, ila humnyima aliyeshiba kisingizio cha kutojua.

Niliporudi Iringa nilimpigia simu mwenyeji wangu, nikamweleza niliyoyasikia. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama nilisafiri salama.