Msiishie Chini ya Parasoli

Wanangu, M-Pesa ilipoingia Kongo mwaka 2012 sisi wazee tulifurahi. Mama muuza ndagala akaanza kupokea hela za mwanawe aliye Lubumbashi bila kumngoja msafiri wa treni. Anayelibeza hilo hajui tulikotoka.

Lakini kiangalieni vizuri kibanda cha wakala wa M-Pesa. Parasoli imetoka ng'ambo, kiti cha plastiki vilevile, simu, daftari, kalamu, hata shati alilovaa kijana mwenyewe. Cha mji wetu wa Kalemie pale ni meza tu, kazi ya seremala wa mtaani. Na huu ndio mji wa kiwanda cha nguo cha Filtisaf! Pamba iliingia kiwandani ikatoka kitambaa. Umeme tulikuwa nao wa kituo cha Bendera, kwenye mto Kiymbi; reli ilikwisha kufika ziwani tangu mwaka 1915. Kijana asiye na diploma aliweza kuanza kwa kufagia, akajifunza kuunga uzi uliokatika, miaka ikipita akawa fundi anayesikia kwa mlio tu kwamba mashine ina kasoro. Kazi ya kumkuza mtu hivyo, simu haijatuletea. Wakala hula kamisheni ya pesa inayopita, na pesa yenyewe huvuka ziwa hadi Kigoma kununua vitu tulivyoacha kuvitengeneza.

Viwanda vya nchi hii viliuawa na mengi: Mobutu kugawa biashara za wageni mwaka 1973 kwa watu wasiozijua, uporaji wa 1991 na 1993, kisha vita. Hayo yamekwisha kututokea. Kinachonikosesha usingizi ni Manono, humu humu jimboni mwetu. Ardhi yake ina lithiamu, madini yanayotumika kutengeneza betri za simu kama hizo mnazozishika. Ikiondoka ikiwa mawe, itarudi ikiwa betri, nasi tutailipia.

Nawaonya, basi: ujana wenu usiishie kwenye kamisheni. Mgodi wa Manono ukitaka mchomeleaji au fundi umeme, utamleta kutoka mbali ikiwa ninyi hamjawahi kushika spana. Wako wazee mitaani mwenu walioshika mashine za Filtisaf kwa mikono yao. Kaeni nao, waulizeni, andikeni. Na mgombea akija kuwaahidi mnara mwingine wa simu, mwambieni ataje umeme wa viwanda utatoka wapi, na lithiamu ya Manono itasafishwa katika mji gani.